Maisha ya Houdini, Mtu wa Kufungula Mafundo



Mnajua wote mambo ya kamba ya bendera. Ile siku ya pili mvua ilikuwa imenyesha usiku wote, na asubuhi tulipotaka kupandisha bendera, fundo lililo chini ya mlingoti lilikuwa gumu kama jiwe. Kalasi zote zimesimama katika mistari, walimu wanangoja, na sisi tulio mukubwa wa wanafunzi tuko pale mbele, vidole vinauma. Mwenzetu moja wa kalasi ya tatu akatoka mstarini akatuletea kisu. Tulikataa. Kamba ile ilinunuliwa na michango yetu wenyewe, na kamba iliyokatwa haifiki juu tena. Basi bendera haikupanda saa ile. Ilipanda saa ine, wakati wa mapumziko, kisha jua kukausha kamba kidogo na sisi kupata msumari na kipande cha mti. Kwa yale masaa mawili tulichekwa sana, na waliocheka tunawakumbuka.

Lakini hatuandiki juu ya kicheko. Tunaandika sababu fundo lilipolegea, wamoja kati ya wadogo walianza kusema kwamba tuko na dawa ya mafundo. Wawili walikuja jioni ku nyumba ya kulala kutuomba ile dawa, moja juu ya sanduku lake, mwingine hakutaka kusema juu ya nini. Tuliwarudisha. Kisha tukawaza kwamba ni vizuri kuwaeleza maisha ya mtu moja ambaye watu wa inchi nyingi walisema ana dawa hiyo hiyo, naye akakataa mpaka kufa kwake. Mtu huyu ni Houdini.

Yule wa kisu asihuzunike. Wanaosoma historia wanajua Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia. Mwaka 333 kabla ya Kristo alifika Gordion, mji ulio leo katika inchi ya Uturuki, na pale aliona gari la zamani lililofungwa kwa fundo ambalo hakuna mtu aliyeweza kulifungula. Watu wengi husimulia kwamba alilikata kwa upanga. Wengine wa zamani waliandika kwamba alichomoa tu kijiti kilichoshika kamba, na fundo likalegea lenyewe. Sisi tunapenda hii ya pili. Houdini naye angeipenda.

Houdini halikuwa jina la kupewa na wazazi. Alizaliwa tarehe 24 ya mwezi wa tatu, mwaka 1874, katika mji wa Budapest, inchi ya Hungaria, na jina lake lilikuwa Erik Weisz. Baba yake, Mayer Samuel, alikuwa rabi, maana yake mwalimu wa dini ya Wayahudi. Baba alitangulia kwenda Marekani, na mwaka 1878 mama, aliyeitwa Cecilia, akamfuata na watoto kwa meli. Walikaa Appleton, mji mdogo wa Wisconsin, ambako baba alikuwa anaongoza Wayahudi wa pale. Kisha baba akapoteza kazi. Wakahamia Milwaukee, na huko umaskini uliwashika kabisa. Mtoto Erik aliuza magazeti na kung'arisha viatu vya watu. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alitoroka nyumbani kusudi atafute feza yeye mwenyewe. Baadaye jamaa yote ilikutana tena New York, naye akapata kazi katika kiwanda cha tai, akawa mwenye kukata kitambaa. Alikimbia mbio, aliogelea, alijenga mwili. Mwaka 1892 baba akafa, na toka pale mzigo wa kumtunza mama ulikuwa juu yake pamoja na ndugu zake. Mama huyu mumkumbuke, maana atarudi katika habari hii.

Jina alilipata ku kitabu. Alisoma maisha ya Robert-Houdin, Mfaransa aliyekuwa fundi mkubwa wa michezo ya kudanganya macho. Rafiki moja akamwambia kwamba katika Kifaransa ukiongeza i mwisho wa jina la mtu, maana yake ni kufanana na mtu yule. Sisi tunaosoma Kifaransa kila siku tunajua kwamba haiko vile. Lakini kijana wa kiwanda hakuwa na mwalimu wa Kifaransa, na jina la Houdini likabaki.

Mwaka 1891 aliacha kiwanda. Alicheza kwanza na mwenzake, kisha na mdogo wake Theo. Mwaka 1894 alioa msichana aliyeitwa Bess, mwembamba na mfupi, na tangu hapo Bess ndiye aliyecheza naye. Mchezo wao ulikuwa hivi. Houdini alifungwa mikono nyuma, akatiwa ndani ya gunia, gunia likafungwa kwa kamba. Gunia likatiwa ndani ya sanduku, sanduku likafungwa kwa kufuli na kuzungushiwa kamba tena. Bess alisimama nje, akavuta pazia, akapiga makofi mara tatu. Kwa kofi la tatu pazia linafunguliwa, na anayesimama pale si Bess tena, ni Houdini. Wakifungula sanduku na gunia, Bess yuko ndani na mikono imefungwa. Mabadilishano yenyewe yalichukua kama sekunde tatu.

Mungewaza kwamba watu wenye mchezo kama huo walitajirika upesi. Hapana. Kwa miaka mitano walicheza ku vilabu vya pombe na katika sarakasi za vijijini, na walilala na njaa. Na hapa tunafika ku jambo ambalo wengine wanaosifu Houdini wanalificha, lakini sisi hatutalificha. Mwaka 1898, katika mji wa Galena huko Kansas, walikuwa wanatembea na muuza dawa za kienyeji, na watu hawakuja. Muuza dawa akamwomba Houdini asimamishe mkutano wa kuita roho za wafu siku ya yenga. Alikubali. Alikuwa anazunguka makaburini kusoma majina na miaka, na kusikiliza maneno ya mji. Usiku, akawaambia watu habari za ndugu zao waliokufa, wakalia, wakalipa. Feza ilipatikana. Aliendelea kidogo na kazi hiyo, kisha akaiacha. Mwaka 1924 aliandika katika kitabu chake kwamba alijua anadanganya watu wenye huzuni, na kwamba kisha kufiwa yeye mwenyewe ndipo alipofahamu uzito wa jambo lile. Muweke hili pia katika kichwa.

Mwaka 1899 bahati iligeuka. Mkubwa moja wa majumba ya michezo, Martin Beck, alimwona ku St. Paul, Minnesota. Alimshauri aache mambo madogo madogo ya karata na leso, ashike kitu kimoja tu: kufungwa na kujifungula. Mwaka 1900 Houdini na Bess walivuka bahari wakafika London, na kwa miaka mitano karibu yote Houdini alikuwa Ulaya. Kila mji alioingia alienda kwanza kwa polisi, akaomba wamfunge pingu, zile tunazoita menoti. Alijifungula, magazeti yakaandika, na jioni nyumba ya mchezo ilijaa. Huko Köln, Ujeremani, polisi moja alimwita mdanganyifu katika gazeti. Houdini alimshitaki, na mwaka 1902 alishinda kesi kisha kufungula mnyororo mbele ya waamuzi. Kwake ilikuwa jambo kubwa kwamba waseme ukweli: anafungula kweli.

Sasa tufike ku kamba yenyewe, maana tunajua kwamba wengi wameruka mistari kusudi wafike hapa.

Fundo halina gundi wala msumari ndani. Kinacholishika ni kamba kujibana yenyewe. Ukivuta, duara moja linakandamiza lingine, na kadiri linavyokandamiza ndivyo kamba inavyokataa kuteleza. Kwa hiyo mwenye hasira anayevuta ncha huku na huku anaongeza kazi ya yule aliyefunga. Na kamba ya mkonge ikinywa maji, nyuzi zake zinavimba, kamba inanenepa na kuwa fupi, ndiyo ile asubuhi yetu. Anayefungula afanye kinyume: asukume kamba irudi ndani ya fundo, akunje fundo huku na huku, alipige polepole na mti, mpaka duara moja lipate nafasi. Moja likipata nafasi, mengine yanafuata. Mabaharia wanakuwa na chombo cha mti chenye ncha kinachofaa kwa kazi hiyo. Sisi tulikuwa na msumari.

Houdini alijua yote hayo, lakini ufundi wake mkubwa haukuwa pale. Ufundi wake ulikuwa kwamba alianza kufungula wakati watu walikuwa bado wanafunga. Alipoona kamba inakuja, alivuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Alikaza misuli ya mikono na ya mapaja. Viwiko aliviweka mbali kidogo na mbavu, mikono aliiweka hivi kwamba mifupa ya kiganja haikulala sawasawa moja juu ya mwingine, na kama alipata namna, alishika kipande kidogo cha kamba ndani ya ngumi. Wafungaji walivuta na kutoa jasho, wakaona kamba inaingia katika nyama, wakaridhika. Kisha pazia linafungwa, Houdini anatoa pumzi, analegeza misuli, na ile kamba iliyokuwa inabana sasa inaning'inia. Ni urefu wa vidole vichache tu, lakini kwa mtu aliyezoea inatosha.

Wenye kutaka kumshinda walileta kamba ndefu, mita kumi na tano na zaidi, wakifikiri kwamba ndefu ni mbaya zaidi. Kumbe ndiyo aliyoipenda. Mtu anapozungusha kamba ndefu, duara za kwanza anakaza sana, na za mwisho mikono imechoka, anazungusha tu. Na kamba ikiwa moja, ulegevu wa mahali pamoja unaweza kusukumwa mpaka mahali pengine, kama maji katika mfereji. Kitu alichochunga sana kilikuwa kamba fupi, nyembamba, inayofungwa ku mikono na mtu anayejua kazi. Jaribuni kulinganisha na mizigo yenu ya kuni: ni upi ulio mgumu kufungula, ule wa kamba ndefu ya kuzungusha mara nane, au ule wa kauzi kafupi?

Tena alijua tabia ya kila fundo. Fundo la kawaida ambalo wengi wetu tunafunga ku viatu kabla ya kuweka kitanzi, lile la kushoto juu ya kulia kisha kulia juu ya kushoto, linaonekana la nguvu. Lakini ukishika ncha moja na kamba yake, ukavuta viwili hivyo kwa kuvinyoosha, fundo linageuka: upande moja unakuwa kamba nyoofu, na upande mwingine unabaki umeizunguka tu, unateleza kama pete. Tulilijaribu usiku mara ishirini na tulifaulu mara kumi na saba. Kwa mikono alifanya hivyo, na mikono ikishindwa alitumia meno, na meno yasipofika alivua viatu na soksi. Vidole vyake vya miguu alivizoeza kufunga na kufungula nyuzi. Husimuliwa kwamba alikuwa akiketi na wageni akizungumza nao vizuri, na chini miguu yake inafanya mazoezi.

Hakuna dawa hapo. Yeye mwenyewe alisema hivyo siku zote, na karibu mwaka 1920 alitoa kitabu kizima cha kuonyesha namna ya kujifungula ku kamba. Mtu mwenye dawa haandiki kitabu cha kufundisha wengine.

Juu ya nini watu walikuwa wepesi kuamini roho? Sababu kabla yake walikuwako ndugu wawili wa Buffalo, Marekani, Ira na William Davenport. Hao walifungwa kamba ndani ya kabati kubwa, pamoja na kengele na vyombo vya muziki. Milango ikifungwa, taa zikipunguzwa, vyombo vinalia. Milango ikifunguliwa, ndugu wawili wanaketi pale, bado wamefungwa. Watu walisema ni roho za wafu zinazopiga kengele. Mwaka 1865, ku Liverpool huko Uingereza, walichaguliwa watu wawili wa kuwafunga, nao walijua fundo moja la kubana sana mikono. Ndugu Davenport wakalalamika kwamba inaumiza, mwenzao akakata kamba, hawakutaka kuendelea. Mji ukakasirika, wakavunja kabati vipande vipande. Tunashangaa: roho inayopiga gitaa inashindwaje na fundo moja?

William alikufa Australia mwaka 1877. Houdini alipofika inchi ile mwaka 1910, ndipo aliporuka pia katika ndege, kati ya watu wa kwanza kabisa kufanya vile pale, alitafuta kaburi la William, akalitengeneza. Kisha, kabla Ira hajafa mwaka 1911, alimtembelea mzee huyo nyumbani kwake. Kama Houdini alivyosimulia, mzee alileta kamba, akamfundisha namna walivyokuwa wanapata ulegevu na kurudi ndani ya mafundo kabla taa kuwaka. Kazi ya mikono tu. Wale waliolia miaka arobaini na mitano mbele walilia juu ya kamba.

Michezo yake mingine tutaipita upesi, maana kurasa zetu ni chache. Mwaka 1908 alianza kutoka katika mkebe mkubwa wa maziwa uliojaa maji na kufungwa kufuli. Mwaka 1912, ku New York, alitiwa pingu ndani ya sanduku la mbao, likapigiliwa misumari, likazungushiwa kamba na chuma, likatupwa katika mto East River. Alitoka kabla ya dakika moja kwisha. Mwaka ule ule, Berlin, alionyesha kabati la kioo lenye maji ambamo aliingizwa kichwa chini, miguu imeshikwa juu na mbao. Tangu mwaka 1915 watu maelfu walijaa barabarani kumwona akining'inizwa ku majengo marefu, amevalishwa lile koti la kufunga wagonjwa wa akili. Kanuni ilikuwa moja na ile ya kamba: kupata nafasi kidogo wakati unafungwa.

Basi mwezi wa saba, mwaka 1913, alikuwa Denmark kwa kazi. Simu ikafika kwamba mama amekufa. Alianguka chini, akazimia. Jamaa ilingoja maziko mpaka yeye kufika New York kwa meli. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mtu wa feza na jina, na wote waliomjua waliandika kwamba hakurudi kuwa kama zamani. Alitaka kusikia neno moja tu kutoka kwa mama. Alienda kwa wale wanaosema wanaita wafu, wengi, katika inchi nyingi, na alienda kwa moyo wa kutamani. Lakini alikuwa mtu wa mafundo. Katika chumba cha giza, meza ilipoinuka, yeye alijua mguu uko wapi. Kengele ilipolia, alijua ni mkono gani uliotoka ku kamba. Tunafikiri hiyo ilikuwa adhabu ngumu: kujua kazi vizuri hivi kwamba hata ukitaka kudanganywa huwezi.

Alikuwa rafiki wa Arthur Conan Doyle, Mwingereza aliyeandika hadithi za Sherlock Holmes. Doyle alikuwa amepoteza mtoto, naye aliamini kabisa kwamba wafu wanazungumza. Aliamini hata kwamba Houdini anatoka katika masanduku kwa nguvu za roho, na Houdini alipokataa, Doyle hakumsadiki. Mwezi wa sita, mwaka 1922, ku Atlantic City, Lady Doyle aliketi na Houdini, akachukua kalamu, akaandika kurasa kumi na tano akisema ni mama wa Houdini anayeandika kwa mkono wake. Houdini alisoma. Juu ya karatasi kulikuwa na msalaba, na mama alikuwa mke wa rabi. Maneno yote yalikuwa Kiingereza kizuri, na mama hakukijua Kiingereza hicho. Na ile siku ilikuwa karibu kabisa na siku ya kuzaliwa ya mama, lakini katika kurasa zile zote hakuikumbuka. Houdini alinyamaza pale kwa heshima. Baadaye alisema wazi, na urafiki ukavunjika. Hatusemi kwamba Lady Doyle alidanganya kwa makusudi; Houdini mwenyewe hakusema hivyo.

Toka pale alianza vita. Alivaa ndevu za uongo na miwani akaingia mikutano ya usiku kusudi awakamate wadanganyifu. Mwaka 1924 gazeti Scientific American lilikuwa limeweka zawadi ya dolari 2.500 kwa atakayeonyesha nguvu za roho mbele ya wataalamu, na mke wa daktari moja wa Boston, aliyejulikana kwa jina la Margery, alikuwa karibu kuipata. Houdini aliketi karibu naye gizani. Mchana wote alikuwa amefunga kitambaa cha kubana ku mguu wake chini ya goti, kusudi ngozi ipate kuuma na kusikia kila kitu. Usiku alisikia mguu wa mama yule unateleza polepole kutafuta kengele chini ya meza. Zawadi haikutolewa. Mwaka 1926 alisimama mbele ya wabunge huko Washington kuomba sheria juu ya watu wa uaguzi. Wengi walimchukia. Wamoja walisema anafanya hivyo kwa kutaka sifa, na sisi tunafikiri kwamba sifa aliipenda kweli, hata sana. Lakini yule wa Galena alikuwa na deni la kulipa, na hilo pia ni kweli.

Kifo chake kilikuja kwa jambo dogo. Tarehe 22 ya mwezi wa kumi, mwaka 1926, ku Montreal, Kanada, alikuwa amelala ku kiti kirefu nyuma ya jukwaa, mguu unamuuma kwa kuvunjika siku chache mbele, mwanafunzi moja anamchora picha. Akaingia mwanafunzi mwingine, akamwuliza kama ni kweli tumbo lake linaweza kuvumilia ngumi. Kabla hajapata nafasi ya kukaza misuli, yule akampiga mara nyingi. Yeye aliyejitayarisha kwa kila kamba maisha yake yote, siku ile hakuwa amevuta pumzi. Alienda Detroit akiwa na homa kali, akacheza jioni moja, akapelekwa hospitali. Tumbo lilikuwa limekwisha kuoza ndani juu ya apendisi iliyopasuka. Kama ngumi ndizo zilizoleta, au ugonjwa ulikuwako tayari, waganga wanabishana mpaka leo. Alikufa tarehe 31 ya mwezi ule, akiwa na miaka hamsini na miwili. Alizikwa New York karibu na mama yake, na barua za mama ziliwekwa chini ya kichwa chake.

Kabla ya kufa alikuwa amepatana na Bess maneno ya siri. Kama roho inaweza kurudi, atarudi na maneno yale. Kama mtu anakuja bila maneno yale, ni mdanganyifu. Miaka kumi Bess alingoja. Usiku wa tarehe 31 ya mwezi wa kumi, mwaka 1936, juu ya paa la hoteli moja ya Hollywood, waliketi mara ya mwisho. Walimwita aguse kengele, afungule pingu iliyokuwa mezani. Pingu ilibaki imefungwa. Bess akasema imetosha, akazima taa ndogo aliyoiacha ikiwaka karibu na picha ya mume wake. Bess naye alikufa mwaka 1943.

Sasa tangazo dogo. Wale wawili wa dawa, na wengine wanaotaka, waje siku ya posho kisha kazi ya mikono, nyuma ya nyumba ya kulala. Tutafungana mikono tu, shingo hapana, na kila anayefungwa awe na mtu wa kusimama karibu naye. Kila mtu alete kamba yake. Ile ya bendera haitaguswa.